Kitako Chepesi cha Bunduki Yako

Ami Zahor,

Shikamoo. Sijui kama walioko huko akhera huamkiwa, lakini mkono wangu umekataa kuanza barua kwako bila shikamoo, na hata sasa nimesita kidogo kana kwamba nangoja marahaba.

Ami, naogopa. Nimekaa karakanani hapa Ibra, juu ya kigoda chako kile chenye mguu uliofungwa waya, na mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani nimekwenda kuswali. Keshokutwa ni Iddi. Ninayemwogopea ni mwanao Haitham, na kinachonitia hofu ni kazi ya mikono yangu mwenyewe. Tangu asubuhi nimeshampigia simu mara mbili. Akipokea namuuliza hali ya Maskati, ananiambia joto, tunaagana. Mtu mzima mimi, wa miaka hamsini na minane.

Ngoja nikusimulie kwa utaratibu, maana ulikuwa hupendi mtu aanze hadithi kwa mkia.

Bunduki yako ilikwenda kwa Haitham, kama ilivyo haki. Alisimama polisi asubuhi mbili mpaka kibali kikaandikwa jina lake. Lakini siku ya tatu ya matanga, tukinywa kahawa, mzee mmoja wa kijijini kwetu Samad alisema kwa sauti, "Bunduki ile ni ya Hemed, yeye ndiye anayeijua." Haitham alikuwa amekaa karibu. Aliinamia kikombe chake. Mimi nilipaswa kusema pale pale kwamba siitaki, na sikusema. Tangu siku ile kila neno langu juu ya bunduki hiyo linanuka tamaa, hata mimi mwenyewe nalisikia.

Basi miezi miwili iliyopita kaja hapa, bunduki kaifunga kwenye blanketi. "Kaka Hemed, nataka kitako nyepesi. Hii nzito sana, wallahi, bega yangu inauma." Kaniambia anakwenda Uturuki na wenzake wa kazini kuwinda mbuzi wa milimani, kwa kibali, na huko watapanda mlima kutwa nzima. Ami, nilifurahi. Bunduki uliyoiunda ya kuwindia, ambayo kwa miaka na miaka haikuwinda kitu ila madebe na karatasi za shabaha, sasa itakwenda kazini. Na kaja kwangu, si kwa mwingine.

Tulikaa siku tatu, simu mkononi, tukichagua. Cha plastiki nilikikataa mapema, ukikiminya mbele kinajipinda na kugusa mtutu, na risasi huenda itakako. Mti uliochimbwa ndani upungue uzito nao niliuogopa, hewa ya Uturuki ina unyevu kuliko yetu. Tukaishia kwenye kitako cha nyuzi za kaboni. Nilimwonya kama ulivyonionya mimi, kwamba uzito ukiuondoa kwenye bunduki, bega ndilo litakalolipa. Kacheka. Kilipofika nilikipeleka kwa jirani yetu muuza halwa, tukakipima kwenye mizani yake. Kitako chako cha zamani, cha mti wa jozi, kilo moja na robo, kipya gramu mia sita na hamsini. Muuza halwa kakigeuza geuza, kauliza kama ni bunduki ya mtoto.

Nilikifunga vizuri, hilo naweza kukuapia. Nilimimina gundi ngumu chini ya chuma kisicheze. Nilihakikisha kifyatulio hakigusi popote. Nyuma nikatia mpira mnene wa kulinda bega. Nilimpima mkono, shingo, hata kifua akiwa amevaa koti. Kisha kaniambia kifyatulio ni kigumu mno, kwenye baridi ya mlimani kidole kitakufa ganzi. Nikakilainisha. Unakumbuka kifyatulio chako, Ami? Miaka yote nilikionea aibu kwa niaba yako. Fundi mzima, vifyatulio vya watu unavilainisha mpaka vinakatika kama kijiti kikavu, chako mwenyewe kinataka kuvutwa kama ndoo ya kisima. Nilikuuliza mara moja tu, ukaniambia, "Hiki kiache." Nikakiacha mpaka ulipokufa.

Tulipokwenda kujaribu, matundu matatu ya risasi yalikaa karibu hata kokwa ya tende ikayafunika. Haitham kaondoka na bunduki yake. Mimi nikala chakula changu siku hiyo kwa raha, nikisema laiti Ami angeona.

Sasa leo asubuhi. Nafagia karakana kwa ajili ya sikukuu, nikauteremsha ule mti wako niupake mafuta kabla sijauvingirisha kitambaa. Na pale chini, mbele kidogo ya kifyatulio, nikaona mahali pamelika. Upana wa kiganja, paking'aa, michoro uliyoichonga imefutika kabisa. Nilishangaa, maana mpiga shabaha haweki mkono pale. Mkono wa mbele hukaa mbele zaidi, na wa nyuma hukaa nyuma. Nikaweka kiganja changu juu ya alama ile. Ami, kilikaa sawasawa.

Pale ndipo ulipokuwa ukiidakia.

Kila Iddi nimekuona. Safu mbili za wanaume kwenye uwanja wa Samad, ngoma zinalia, mchezo wa razha umepamba moto, na wewe unatoka katikati, unairusha bunduki juu ipite vilemba vya watu, inageuka, inashuka, unaidaka kwa mkono mmoja bila kuitazama. Halafu mwishoni unapiga risasi moja upande wa jabali. Sasa mwenye nyumba ni Haitham. Watu wanamngoja yeye atoke, na bunduki hiyo hiyo.

Na mimi nimeiondolea nusu ya uzito wa nyuma. Unajua nilifanya nini? Niliitundika kwa kamba kwenye boriti, kama ulivyonifundisha, nikaona uzito umehama vidole vinne kuelekea mtutu, nikaandika kwa penseli kwamba ni vizuri, mbele patatulia wakati wa kulenga. Nikatia alama ya tiki. Nilimuuliza mwanao habari za milima ya Uturuki nisiyoijua mimi wala yeye. Uwanja wa Samad tuliokulia sote sikuutaja. Fundi wa mji mwingine angesameheka, mimi wa kwetu sina udhuru.

Itapanda haraka kuliko anavyotarajia, itageuka kabla ya wakati wake, mdomo wa mtutu utakuja kwanza, na mkono wake utashika upepo. Itaanguka kwenye mawe. Na kifyatulio nimekilainisha. Ikiwa na risasi ndani, itakwenda wapi? Kuna watu safu mbili, kuna watoto wamekaa juu ya ukuta miguu inaning'inia, na yeye Haitham amesimama juu yake. Nikifumba macho naiona. Nikifumbua naiona.

Utasema, mwambie basi. Ningemwambia. Lakini nimwambie nini? Kwamba usiirushe bunduki ya baba yako, irudishe kwangu, siku mbili kabla ya Iddi yake ya kwanza kutoka mbele ya watu? Atalikumbuka neno la matangani. Atasema Hemed ameona hakuipata kwa haki anaitaka kwa hila. Na sokoni watasema fundi aliyerithi karakana ya Zahor hajui hata bunduki hutumika kwa nini. Naona haya kukuandikia kwamba hilo la pili nimelifikiria kwanza.

Adhana ya alasiri hiyo. Naacha hapa.

*

Ami, ni mimi tena. Barua ililala kwenye droo pamoja na tupa zako. Leo ni siku ya nne ya Iddi.

Mkesha wa Iddi nilishindwa kukaa, nikaendesha mpaka Samad nimngoje. Nilimkuta Bi Zuwena uani amekunja mikono ya nguo, anapaka nyama viungo kwa ajili ya shuwa ya kufukia shimoni, majani ya migomba yamejaa beseni. Eda keshamaliza, lakini bado akimaliza kuandaa kahawa huweka kikombe kimoja zaidi, halafu hukiondoa. "Haitham atakuja asubuhi, moja kwa moja kuswali," kaniambia. "Una nini wewe, mbona umekauka midomo?" Nikamwambia safari. Sikuweza kumtia mjane wako hofu ile na mikono yake imejaa pilipili.

Baada ya sala ya Iddi nilimtafuta Haitham kwenye umati. Nilimwona kwa mbali, kanzu nyeupe, jambia lako kiunoni, bunduki begani. Ile kaboni nyeusi iling'aa juani nikaichukia. Mkono wake wa kulia ulikuwa na plasta kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikamshika kiwiko, nikamvuta nyuma ya magari yaliyoegeshwa, hata salamu sijamaliza.

"Haitham, usiirushe." Ndilo lililotoka. Halafu yakafuata mengine yote bila mpangilio, mizani ya halwa, kamba, vidole vinne, kifyatulio, alama ya kiganja chako. Nilisema kosa ni langu labda mara sita. Kisha nikangoja aniambie, unaitaka wewe.

Alinitazama, macho yake yakajaa maji. "Kaka Hemed," kasema, "hakuna Uturuki."

Sikumwelewa.

"Hakuna safari. Mimi naogopa, toka baba yuko hai naogopa. Ile nzito, mimi siwezi kurusha. Nikasema ikiwa nyepesi itapanda tu, khalas, watu wataona." Kwa wiki nzima alikuwa akijaribu kwenye gereji ya nyumba yake Maskati, katandika magodoro mawili chini. Imemwangukia mara tatu, na kila mara mdomo ndio uliotangulia. Mara ya tatu ilimpasua mkono. Alidhani mkono wake ndio mbovu.

Nilimuuliza kama ina risasi. Niliuliza kwa kutimiza wajibu tu, nikidhani jibu ni hapana.

"Moja," kasema. "Kama baba. Alikuwa akiweka moja asubuhi, kaniambia mwenyewe."

Nilifungua komeo la bunduki. Risasi iliruka ikaniangukia kiganjani, nzima, ya moto kwa jua. Nikakaa juu ya bampa ya gari la mtu nisiyemjua.

Ami, siku zote nilidhani unaitia risasi mwishoni, kabla ya kupiga. Iddi thelathini na zaidi nimesimama hatua tano kutoka kwako nikipiga makofi, na ilikuwa na risasi ndani ikigeuka juu ya vichwa vyetu. Nimekukasirikia. Naandika hivi nikijua hairuhusiwi kumkasirikia maiti, lakini nimekukasirikia mpaka nikashindwa kukusomea Fatiha siku ile. Ulikuwa unajua. Ndiyo maana kifyatulio chako kilikuwa kigumu vile, ndiyo maana uliuacha mti mnene nyuma. Miaka ishirini na sita nimekaa mkono wako wa kulia, ukaniambia, "Hiki kiache." Ungeongeza neno moja tu. Ungesema, "Nairusha." Mimi ningeelewa, na mwanao asingesimama nyuma ya magari siku ya Iddi akilia.

Ngoma zikaanza. Watu wakaita, "Wein weld Zahor?" Mwana wa Zahor yuko wapi. Haitham akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. Nikamrudishia bunduki tupu, komeo wazi, na risasi nikaitia mfukoni mwangu.

Aliingia katikati ya safu. Sauti anayo, hiyo kairithi. Alitembea safu nzima akiimba, bunduki kaishika kwa mikono miwili kifuani, kafika mwisho, kageuka, karudi. Hakuirusha. Nilisikia mnong'ono ukipita kwenye safu. Mzee yule yule wa matangani akasema, na wala hakuipunguza sauti, "Baba yake alikuwa akirusha."

Unanijua, mimi si mtu wa kutoka mbele. Katika razha hukaa mwisho wa safu karibu na wanaocheza kwa magongo. Nilitoka. Nilisema mbele yao wote kwamba mimi fundi Hemed nimeifungia bunduki hii kitako kisichofaa kurushwa, kwamba ingemuua mtu, na mimi ndiye niliyemkataza. Kiarabu changu kilinipotea katikati, nikamalizia kwa Kiswahili. Wateja wangu wawili walikuwa safuni wanasikiliza. Jana mmoja wao kaja kuichukua bunduki yake, kasema kazi ile haina haraka. Nimempa. Nimemfungia kwenye kitambaa safi na sikumuuliza atampelekea nani.

Mchana tulikula shuwa nyumbani kwako. Haitham hakugusa. Mwishowe kamwambia mama yake yote, Uturuki, magodoro, risasi, na kwamba amekutia aibu wewe uliye kaburini. Nilidhani Bi Zuwena atapiga ukelele. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akimchambulia nyama kwenye mfupa, kisha kasema, "Kwa mwoga huenda kicheko, mwanangu, na kwa shujaa huenda kilio. Mie mwaka huu nimeshalia, imetosha."

Halafu kaongeza jambo. "Na huyo baba yako mnayemwona simba. Kila Iddi asubuhi hamezi hata tende. Anajifungia chooni anatapika, anafungulia maji ya bomba nisisikie. Miaka yote hiyo kadhani sijui."

Mimi nilitazama sinia. Haitham alinyoosha ule mkono wa plasta, akachukua kipande cha nyama alichochambuliwa, akala, akachukua kingine. Hapo ndipo hasira yangu juu yako ilipopungua, Ami. Haijaisha, nisikudanganye, lakini imepungua.

Bunduki iko hapa mbele yangu. Kitako chepesi nimekifungua, nimekitia kwenye sanduku lake. Kama kweli siku moja Haitham atakwenda milimani kitamfaa, kwa kuwindia hakina kasoro. Nimeurudisha mti wako, na kifyatulio nimekikaza kama kilivyokuwa. Leo mteja kaniletea bunduki ya marehemu babu yake, anataka ipunguzwe uzito. Kabla sijaigusa nilimuuliza, "Inarushwa hii?" Alinitazama kama niliyepungukiwa akili, kisha kasema ndiyo, harusini, mara moja moja. Tumekaa saa nzima tunazungumza na sijaigusa bado.

Usidhani hofu imenitoka. Jana nilidondosha bisibisi mara mbili. Na juzi Haitham akiingia garini kurudi Maskati kashusha kioo, kaniambia, "Mwakani, kaka, inshallah nitarusha." Kasema kwa tabasamu. Mimi tangu hapo sijalala vizuri.

Basi nakuaga, Ami, na maneno yangu ya mwisho ni ahadi. Nitamchongea gongo lenye uzito na uwiano wa bunduki yako, ajifunze kwalo kila akija Samad, mpaka mkono uzoee wenyewe. Bunduki haitaingia uwanjani na risasi tena, komeo nitalifungua mimi mbele ya watu, aseme mtu atakavyosema. Akiamua hataki kurusha, nitasimama naye vile vile. Na siku hiyo ya Iddi nitafika nyumbani kwako alfajiri, kabla ya kahawa. Nikisikia maji ya bomba yamefunguliwa chooni, nitabisha hodi.

Mwanao wa karakanani,
Hemed